Nyimbo za My Fair Lady: zinakisukuma kisa au zinakisimamisha?

Mwalimu wa Chumbageni (Tanga) ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, salaam. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Tanga mjini na mlezi wa kikundi cha maigizo cha wanafunzi. Muhula huu tunakusudia kutunga mchezo wetu mfupi wa jukwaani wenye nyimbo, wa mapenzi na wa kuchekesha, na kabla vijana hawajashika kalamu nimetaka watazame kazi moja iliyokomaa ya aina hiyo. Nimechagua My Fair Lady, filamu ya Kimarekani ya mwaka 1964 iliyoongozwa na George Cukor.

Kwa ambao hawajaiona, Eliza Doolittle, anayeigizwa na Audrey Hepburn, ni binti maskini anayeuza maua nje ya jumba la opera la Covent Garden jijini London. Usiku mmoja wa mvua anakutana na Profesa Henry Higgins, yaani Rex Harrison, bingwa wa fonetiki ambaye akimsikiliza mtu kidogo tu anaweza kumtajia mtaa aliotoka. Higgins anajigamba mbele ya Kanali Pickering kwamba kwa miezi sita ya mafunzo ya matamshi anaweza kumwingiza binti huyu katika dhifa ya ubalozini na watu wakamdhania kuwa ni wa ukoo mkubwa. Dau linawekwa, Eliza anahamia nyumbani kwa profesa, na yote yanayofuata yanatokana na hapo.

Historia ya kazi hii inawahusu sana wanafunzi wangu kwa sababu ilianzia jukwaani. George Bernard Shaw aliandika tamthilia isiyo na nyimbo, Pygmalion, ambayo wakazi wa London waliiona mwaka 1914. Shaw alipokuwa amekwisha kufariki, Alan Jay Lerner, aliyetunga maneno, na Frederick Loewe, aliyetunga muziki, waliigeuza kuwa mchezo wa nyimbo uliofunguliwa Broadway, New York, mwezi Machi 1956 na kuchezwa mara 2,717, idadi ambayo hakuna mchezo wa nyimbo wa Broadway uliokuwa umewahi kuifikia. Kampuni ya Warner Bros. ililipa dola milioni 5.5 kwa ajili ya haki za kuutengenezea filamu, na filamu hiyo ikatwaa tuzo 8 za Oscar, ikiwamo ile ya filamu bora.

Sasa swali langu. Niliwaonyesha viongozi wa kikundi sehemu ya mwanzo, nao wakaniambia kwa uwazi kwamba kila wimbo unapoanza hadithi inasimama, na kwamba wangependa tuyafuate mazungumzo peke yake. Filamu ina dakika 170, na ukumbi wa shule tunaupata kwa saa moja na nusu tu. Je, nifuate ushauri wao niziruke nyimbo, au kuna namna ya kuzitazama ambayo mimi na vijana wangu hatujaijua? Na la pili ni mwisho wa hadithi. Baada ya ugomvi mkubwa Eliza anarudi kwa Higgins, naye Higgins, badala ya kumwambia neno la upendo, anaulizia sapatu zake. Najua wasichana wa kikundi watanikalia kooni kwa jambo hilo, na ningependa kwenda mbele yao nikiwa na fikra iliyopevuka.

Mpenda Jukwaa (Bagamoyo) amejibu:

Mwalimu, hongera kwa kazi hiyo. Nimesomea sanaa za maonyesho hapa Bagamoyo, katika taasisi ambayo wengi wetu bado tunaiita Chuo cha Sanaa ingawa jina lake leo ni TaSUBa, na michezo ya jukwaani yenye nyimbo ndiyo iliyonivuta huko tangu mwanzo. Nakusihi usiziruke nyimbo. Ukiziondoa utabakiwa na tamthilia ya Shaw iliyokatwakatwa, na vijana hawatajifunza kile hasa ulichokusudia wajifunze.

Malalamiko yao yana sababu, lakini nadhani yanatokana na kuutazama wimbo kama pumziko. Wape kazi moja tu ya kufanya wakati wa kutazama: kila Eliza anapofungua kinywa kuimba, waandike anamwimbia nani. Wakifanya hivyo wataona kwamba hadithi nzima imo ndani ya nyimbo zake, hatua kwa hatua, na kwamba hakuna wimbo wake hata mmoja unaomwacha pale ulipomkuta.

Wimbo wake wa kwanza anauimba sokoni, usiku, katikati ya wachuuzi wenzake. Anachotamani ni chumba chenye joto, kiti kikubwa, chokoleti ya kutosha na mtu wa kumjali. Hataki ufalme. Na siku ya pili, anapokwenda nyumbani kwa Higgins kuomba masomo, anaeleza kwamba anataka kuajiriwa katika duka la maua badala ya kuuza barabarani, na anataka kulipia masomo hayo kwa fedha yake mwenyewe. Mtazamaji aliyesikia wimbo wa usiku anaelewa papo hapo kwamba binti huyu ana haja yake na mpango wake, na kwamba hakuja kufanyiwa hisani. Mtazamaji aliyeuruka wimbo ataona mtu wa kuchekwa tu.

Wimbo wa pili, ule wa kumtishia Higgins kwamba siku yake itafika, anauimba akiwa peke yake chumbani, baada ya profesa kutoka. Anawaza Mfalme akiamuru Higgins auawe. Ni wimbo wa kuchekesha, lakini hoja yake ni kwamba yale aliyo nayo moyoni hawezi kuyasema mbele ya bwana huyu, kwa hiyo anauambia ukuta. Kisha linakuja tukio ambalo naomba ulioneshe lote bila kukata hata sekunde. Ni usiku mwingi, wote watatu wamechoka, Higgins amejiwekea mfuko wa barafu kichwani. Kwa mara ya kwanza anamwambia Eliza kwa upole kwamba anajua kichwa kinamuuma na kwamba jambo analolihangaikia ni kubwa, nalo ni lugha. Baada ya kimya kifupi Eliza anaisema ile sentensi ya mvua ya Hispania, aliyokuwa akifanyishwa kama zoezi la matamshi, kwa matamshi sahihi, polepole, kama anayeogopa isimponyoke. Higgins anamwomba arudie. Anarudia. Maswali na majibu yao yanaanza kushika mapigo, na kabla hujatambua ni wapi mazungumzo yalipokoma, watu watatu wanacheza dansi ya Kihispania sebuleni, Pickering akiwa ng'ombe dume, hadi wanaangukia kochi wakicheka. Hapo ndipo Eliza anaimba pamoja na Higgins kwa mara ya kwanza, na hapo ndipo mtazamaji anatambua, kabla wahusika wenyewe hawajatambua, kwamba kuna mapenzi ndani ya nyumba hii.

Lakini wimbo ninaoupenda kuliko zote ni ule ambao Eliza haimbi. Wamerudi kutoka ubalozini, dau limeshinda. Pickering anamwimbia Higgins kwamba ameweza, ameweza, yeye ndiye aliyeweza; Higgins anasimulia jinsi Zoltan Karpathy, mtaalamu aliyejidai kugundua siri za watu, alivyoapa kwamba Eliza ni binti wa kifalme wa Hungaria; watumishi nao wanaingia na kuitikia sifa. Eliza amesimama pembeni na gauni lake la dhifa, na hakuna anayemgeukia. Kila beti linalomsifu profesa linamdhulumu yeye, na kimya chake kinazidi kuwa kizito kadiri wimbo unavyozidi kuchangamka. Wakishaondoka anazishika zile sapatu na kumrushia Higgins. Waulize vijana wako kama kisa kilisimama hapo.

Bi wa Ngamiani (Tanga) amejibu:

Mwanangu mwalimu, nimefurahi kuona vijana wa Tanga wanafikiria mchezo wenye nyimbo, kwa sababu mji wetu hauna haja ya kuazima sikio la mtu. Wakikuambia wimbo unasimamisha jambo, wakumbushe taarabu ya bibi zao. Katika ukumbi wa taarabu mwanamke anainuka kitini, anatembea kwa madaha hadi mbele, na anamtuza mwimbaji kwenye beti lile lile alilolikusudia. Aliyekusudiwa anaelewa, na ukumbi mzima unaelewa, ingawa hakuna aliyemtaja mtu kwa jina. Maneno yale yakisemwa kwa mdomo mkavu yangeleta kesi kwa balozi wa nyumba kumi. Yakiimbwa, yamefika na heshima imebaki. Eliza anapoimba peke yake chumbani anafanya hivyo hivyo, ila yeye hana wa kumwimbia kwa niaba yake.

Neno hilo ndilo linalonileta kwenye jambo ambalo Mpenda Jukwaa hajaligusa, nalo ni sauti yenyewe. Vijana wako wajue kwamba katika sehemu kubwa ya nyimbo za Eliza, sauti wanayoisikia si ya Audrey Hepburn. Ni ya Marni Nixon, mwimbaji ambaye kabla ya hapo alikuwa ameimba kwa niaba ya Deborah Kerr katika The King and I ya mwaka 1956 na kwa niaba ya Natalie Wood katika West Side Story ya mwaka 1961, na ambaye jina lake halikuwekwa miongoni mwa majina ya walioifanya My Fair Lady. Hepburn alifanya mazoezi na akarekodi nyimbo zake, lakini waliokuwa na uamuzi waliona sauti yake haitoshi. Imebaki katika vipande vichache, hasa katika ule wimbo wa vitisho: sikilizeni mwanzo wake na mtaisikia sauti kavu, ya kukwaruza kidogo, yenye hasira ya kweli, kisha wimbo ukipanda inaingia sauti nyingine laini na iliyofunzwa. Mimi naipenda ile ya kwanza zaidi.

Sisi tuliokua na filamu za Kihindi hatushangazwi na mwigizaji kuimbiwa. Tulikwenda sinema tukijua kabisa kwamba anayeimba ni Lata Mangeshkar au Mohammed Rafi, majina yao yakitajwa kwa heshima sawa na ya waigizaji, pengine kuzidi. Kosa la Hollywood, kwa maoni yangu, halikuwa kumwazima Hepburn sauti; lilikuwa kumficha mwenye sauti. Na uzito wa jambo hili unaongezeka ukikumbuka hadithi yenyewe inahusu nini. Ni hadithi ya mwanamume anayesifiwa kwa sauti ya mwanamke. Rex Harrison, ambaye nyimbo zake anazisema kwa mapigo zaidi ya kuziimba, alikataa kurekodi studio kwanza kisha kufuatiza midomo, kwa kuwa hakuwa akizisema kwa namna ile ile mara mbili; akafichiwa kipaza sauti kisicho na waya ndani ya tai, na sauti yake ikachukuliwa pale pale alipokuwa akiigiza. Yeye alisikika kama alivyo na akapata Oscar ya mwigizaji bora. Hepburn hakuteuliwa hata kugombea. Tuzo ya mwigizaji bora wa kike mwaka ule ilikwenda kwa Julie Andrews kwa filamu ya Mary Poppins, yule yule aliyekuwa Eliza wa Broadway na ambaye Jack Warner, mkuu wa Warner Bros., hakumpa nafasi katika filamu hii kwa kuwa hakuwa na jina katika sinema.

Ukitaka mfano wa karibu na nyumbani, wasimulie kuhusu Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, Unguja, aliyekuwa akiuza vyungu kabla ya kuhamia mjini mwaka 1911, akafundishwa uimbaji na Ali Muhsin, na mwaka 1928 akasafiri hadi Bombay kurekodi santuri. Naye alikuwa muuzaji maskini aliyepata mwalimu. Lakini aliyeandika wasifu wake, Shaaban Robert, mtu wetu wa Tanga, alimweka Siti mwenyewe katikati ya sifa, na mwalimu akabaki katika nafasi yake ya mwalimu. Hivyo ndivyo ningependa mchezo wa vijana wako uwe. Na nyimbo zao waimbe wenyewe, hata kama sauti haijakamilika. Mji uliotoa vikundi vya taarabu vya Black Star na Lucky Star, uliomsikia mwimbaji Shakila, una masikio ya kumvumilia mwanafunzi anayejaribu.

Mpiga Picha wa Dunda (Bagamoyo) amejibu:

Shikamoo Bi. Mwalimu, nami natengeneza filamu fupi, kwa hiyo ninaitazama kazi hii kwa jicho la kamera, na hapo naomba nitofautiane kidogo na waliotangulia. Wanafunzi wako wameona kitu cha kweli. Cukor aliuheshimu mno mchezo wa jukwaani. Filamu yote ilipigwa ndani ya studio za Warner huko Burbank, California, na kwa muda mrefu kamera inakaa kama mtazamaji aliyepewa kiti kizuri katikati ya ukumbi: anaona kila kitu, lakini hainuki. Wimbo ukiwa na jambo la kusema, utulivu huo unafaa. Wimbo ukiwa hauna jambo jipya, unauhisi urefu wake wote. Freddy, yule kijana anayempenda Eliza na kushinda mtaani kwake, anaimba wimbo mzuri sana, na hata hivyo ungeweza kuukata nusu bila kupoteza habari yoyote. Wimbo wa baba yake Eliza akielekea kufunga ndoa unaimbwa na Stanley Holloway kwa furaha isiyo na kifani, lakini kwa muda ulio nao, mwalimu, huo uruke bila majuto.

Kinyume chake, mbio za farasi za Ascot zioneshe zote, kwa sababu hapo filamu imekitumia kile kile kinacholalamikiwa. Cecil Beaton, aliyebuni maleba, aliwavika watu wote rangi nyeupe, nyeusi na kijivu, na mwongozaji akawasimamisha kama sanamu. Wanaimba kwamba wamesisimka kupita kiasi, huku nyuso zao hazina hata mkunjo mmoja. Farasi wanapita kwa kishindo, wao hawageuzi shingo. Kusimama kwenyewe ndiko kichekesho, na ndiko tabia ya tabaka lile. Katikati yao anaingia Eliza, matamshi yake yakiwa safi kabisa, akaanza kuwasimulia wanawake wa heshima jinsi anavyoamini kwamba shangazi yake hakufa kwa homa ya mafua, aliuawa na watu waliotaka mali yake, na mali hiyo yenyewe ilikuwa kofia. Kila silabi iko mahali pake na kila habari haifai mezani. Mbio zinapoanza tena anasahau yote aliyofundishwa na kumpigia farasi kelele za sokoni. Kwangu hicho ndicho kilele cha ucheshi wa filamu nzima, na kinamfundisha mtunzi kijana kwamba kichekesho hupatikana pale mhusika anapofanya jambo kwa bidii ya kweli.

Kuhusu mwisho, Shaw mwenyewe hakuutaka. Watu wa jukwaani walianza kuuelekeza kwenye mapenzi tangu mwaka 1914, na alichukizwa kiasi cha kuandika maelezo marefu yaliyochapishwa mwaka 1916 akisema Eliza aliolewa na Freddy na wakafungua duka la maua. Lerner alijibu kwa unyoofu alipochapisha mchezo wake kwamba hana hakika kama Shaw alikuwa sahihi. Mimi nasimama na Shaw. Mwanamke aliyejua tangu mwanzo kwamba anataka duka la maua hana sababu ya kurudi kutafuta sapatu za mtu. Nadhani wasichana wako watasema hivyo hivyo, na usiwazuie.

Mpenda Jukwaa (Bagamoyo) ameongeza:

Ndugu yangu wa Dunda, kuhusu Freddy nakubaliana nawe. Kuhusu mwisho naomba tuufuate kwa kipimo kile kile cha nani anamwimbia nani, kwa sababu nyimbo zinasema zaidi ya ile sentensi ya sapatu. Nyumbani kwa mama yake Higgins, Eliza anamwimbia profesa ana kwa ana kwamba dunia itaendelea kuzunguka bila yeye. Yale aliyoyaimbia ukuta sasa anayasema machoni mwake. Safari yake imefika. Anayefuata kuimba ni Higgins, na kwa mara ya kwanza hana msikilizaji yeyote: anatembea peke yake kurudi nyumbani, anapandwa na hasira, anamtabiria Eliza maisha mabaya na Freddy, kisha anakubali kwa unyonge kwamba ameizoea sura yake. Mtu huyu ambaye nyimbo zake zote zilikuwa hotuba kwa wengine sasa yuko katika hali ile ile aliyokuwa nayo Eliza chumbani.

Akifika ndani anawasha mashine ya kunasa sauti na kusikiliza sauti ya Eliza ya siku ile alipokuja kuomba masomo. Eliza anaingia bila yeye kujua, anaizima mashine, na kuimalizia sentensi kwa kinywa chake, kwa lafudhi yake ya zamani, kwa hiari yake. Binti anayeweza kusema kwa namna zote mbili na kuchagua ipi ya kutumia hakurudi kama alivyotoka. Sisemi kwamba Higgins anamstahili. Nasema kwamba uamuzi uko mikononi mwa Eliza, na filamu inakoma kabla hajaeleza atakaa au ataondoka. Hilo linatosha kuwapa vijana mjadala mzuri.

Bi wa Ngamiani (Tanga) ameongeza:

Hapo umenena vema, mwanangu, lakini bado namdai Higgins neno moja. Wimbo wa mazoea ni mtamu, nami huusikiliza kila mara kwa moyo mkunjufu, ila amewaimbia barabara na milango. Mwenyewe alipoingia, alirudia kuagiza. Katika hadithi za mapenzi za Pwani mwanamume hata kama ana kiburi hutafuta shairi, humtuma mtu, huomba radhi kwa mafumbo. Mwalimu, ikiwa mchezo wa vijana wako utakuwa na mwanamume wa namna hii, msiufunge kabla hajaimba mbele ya yule anayemkusudia.

Mwalimu wa Chumbageni (Tanga) amejibu:

Shikamoo Bi, na ahsanteni nyote. Nimeshauriana na viongozi wa kikundi, na tumekubaliana tuoneshe sehemu sita: usiku wa sokoni, wimbo wa vitisho, usiku wa ile sentensi ya Hispania, Ascot, kurudi kutoka ubalozini, na kuanzia nyumbani kwa mama yake Higgins hadi mwisho. Zinazobaki nitazisimulia mwenyewe katikati. Kabla ya kuanza nitawaeleza kuhusu Marni Nixon na kipaza sauti cha ndani ya tai, ili wasikilize huku wakijua wanamsikia nani. Tayari wasichana wawili wameomba kuandika upya tukio la mwisho, mmoja akiufuata mwisho wa Shaw na mwingine ule wa Lerner, na tutayacheza yote mawili. Naomba ushauri mmoja tu wa mwisho kwa Mpenda Jukwaa: tunapoanza kutunga wenyewe, tuanze na nyimbo au na mazungumzo?

Mpenda Jukwaa (Bagamoyo) amejibu:

Anzeni na mazungumzo, mwalimu. Lerner na Loewe walikuwa na tamthilia kamili ya Shaw mkononi, na mazungumzo mengi ya filamu ni ya Shaw mwenyewe. Kazi yao kubwa ilikuwa kutambua ni wapi mhusika amejaa kiasi kwamba maneno ya kawaida hayamtoshi. Vijana waandike mchezo wote kwanza bila wimbo hata mmoja, wausome kwa sauti wakiwa wamekaa duara, na kila anayesikiliza aweke alama pale anapohisi mhusika amebana jambo. Alama zikikusanyika mahali pamoja, hapo pana wimbo. Zisipokusanyika, pabaki mazungumzo, hata kama mtunzi ana beti tamu aliyoitayarisha tangu nyumbani.

Wimbo wa kwanza mpeni yule anayetaka kitu, na kitu hicho kitajwe waziwazi: duka, kiti, safari ya Pemba, chochote kile, mradi mtazamaji aweze kukishika akilini hadi mwisho. Kisha tafuteni tukio moja ambalo watu wengi wanaimba kwa furaha na mhusika mkuu amenyamaza, na mumweke mahali ambapo ukumbi mzima unamwona uso. Kwa upande wa ala, ngoma moja na gitaa vinatosha kuanzia, lakini mpigaji awepo katika mazoezi tangu siku ya kwanza, kwa sababu ule mpito kutoka kusema hadi kuimba, kama mlivyouona usiku wa Hispania, hujengwa na mwigizaji na mpigaji wakisikilizana, na haujengwi katika juma la mwisho.